Niliunda Injini, Sifa Nikampa Mume Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Ni mjane, mama wa binti mmoja, na kazi yangu ni kutengeneza cherehani zilizoharibika. Kibanda changu kiko Kibomet, hapa Kitale, na nyumba yangu iko Matisi. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima huku kabla sijazaliwa, nami nikaolewa na Mbukusu wa Bungoma. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni jinsi yalivyokuwa.

Nawaandikia wasomaji wenzangu kwa sababu sina pengine pa kusemea. Nikimwambia jirani leo, kesho maneno yako sokoni. Wala msinihurumie sana... Mimi mwenyewe siku hizi sihisi kitu. Nakula, nalala, nafungua kibanda, nafunga kibanda.

Mume wangu nitamwita Wanyonyi. Kwa miaka mingi aliendesha kisiagi cha unga, kile cha injini ya dizeli yenye magurudumu mawili makubwa ubavuni. Aliipenda injini ile kuliko watu wengi. Ikikohoa kidogo, yeye alijua inaumwa wapi. Kisha mwenye kisiagi akaweka mashine ya stima, ya umeme, injini akaiuza kwa watu wa vyuma vikuukuu, na Wanyonyi akaambiwa arudi nyumbani.

Mwanamume kukaa nyumbani si jambo dogo, wenzangu mnajua. Tulikuwa tunakula kwa jasho langu, na pale barabarani wanaume wenzake hawakumwacha. "Ati Wanyonyi siku hizi analishwa na sindano," walisema. Wengine walisema amekaliwa na mke. Alikuwa akicheka nao, lakini akifika nyumbani hata chai ilimshinda kumaliza.

Ndipo akapata wazo la kuunda injini ndogo, mfano wa ile ya kisiagi. Alitaka iwe ndogo ya kukaa juu ya stuli, lakini iwe injini kweli, inywe petroli na iungurume. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la kuku lisilo na kuku. Tukalisafisha. Alichukua mota ya cherehani niliyokuwa nimeiondoa kwenye mashine mbovu, akaunda nayo kimashine cha kukerezea vyuma. Nilifurahi. Angalau alikuwa akiamka asubuhi kwa shughuli.

Magurudumu mawili aliyamaliza, na yalikuwa mazuri. Shida ilikuwa pistoni. Wanyonyi alikuwa na moyo mkubwa na mkono mzito. Pistoni ya kwanza ilicheza ndani ya silinda, ya pili ikakwama, na nyingine akaitupa nyuma ya choo akasema hataki kuiona injini hiyo tena. Akafunga mlango wa banda.

Niliiokota ile pistoni nilipokuwa naanua nguo. Niliigeuza mkononi, nikaona amekosea kidogo tu. Mtu aliyezoea cherehani ana macho ya vitu vidogo, maana huko unywele mmoja ni tofauti ya mshono na upuuzi. Nikafungua banda.

Nilianza upya karibu kila kitu. Pistoni mpya niliikereza kutoka kwa kipande cha giaboksi mbovu, na valvu nikazichonga kwa misumari minene ya chuma. Bomba la mafuta lilikuwa shaba ya mfereji wa maji uliovunjika. Pistoni ilipokaribia kutosha, niliacha mashine nikaisugua kwa mkono ndani ya silinda, kwa ule unga laini wenye mafuta ambao mafundi husagia valvu, ndani nje, ndani nje, nikipangusa na kupima, hadi ikawa ukiziba tundu kwa kidole inakataa kushuka. Wanyonyi alikuja akasimama mlangoni. Aliingia akanishikia taa, na tangu siku hiyo yeye ndiye alikuwa akinishikia taa.

Kuna mtu mwingine aliyeona. Mama mkwe alikuja kukaa kwetu kwa sababu ya macho, awe karibu na hospitali. Macho yalipopata nafuu hakuharakisha kurudi Bungoma. Alikuwa akiketi nami bandani akichambua maharagwe huku mimi napiga tupa. Tuliongea mengi humo. Alinifundisha Kibukusu kidogo, akanicheka ninavyokitamka. Siku moja alikishika kiganja changu chenye mafuta akakitazama. "Mama Nafula, wewe uriumbwa na mikono mbili ya fundi," aliniambia. Mama yangu mzazi hajawahi kunisifu hivyo.

Binti yetu Nafula alikuwa shule ya bweni. Akija likizo alituona sote wawili tukiingia bandani, na mikono yangu imejaa mafuta. Lakini mikono yangu imejaa mafuta tangu azaliwe! Alidhani nampelekea baba yake chai.

Siku injini ilipowaka, kwa kweli nililia. Kuna namna yake ya kuiwasha. Unaziba tundu la hewa kwa kidole gumba, unalirudisha gurudumu nyuma nusu mzunguko, kisha unalisukuma mbele kwa ghafla na kuachilia kidole. Ilikohoa, ikapiga, ikashika... tuk, tuk, tuk, sauti ile ile ya kisiagi, ila ndogo. Wanyonyi alikaa chini kwenye vumbi akaisikiliza. Sijamwona na uso ule tena.

Sasa sikilizeni nilipokosea.

Jumapili moja walikuja wageni kumwombea mama mkwe. Kulikuwa na watu wa kanisa, majirani wa Matisi, na shemeji yangu Barasa kutoka Bungoma. Baada ya chakula Wanyonyi akaileta injini sebuleni, nami nikaiwasha. Watu walishangaa. Barasa akaruka akaushika mkono wa ndugu yake, akautikisa. "Bana, si wewe ni fundi! Na watu walikuwa wanasema umekaa bure."

Wanyonyi alinitazama. Alifungua mdomo kusema ukweli, nilimwona. Lakini niliwaona pia wale wanaume waliokuwa wakimcheka barabarani, sasa wamenyamaza wakimtazama kwa heshima. Ningefanyaje? Nikawahi. Nikasema mbele ya wote, "Baba Nafula ana mikono. Hata mimi nashangaa."

Mama mkwe alikuwa ameketi hapo hapo. Alinitazama kidogo, akarudisha macho kwa sahani yake.

Jioni tukiosha vyombo, Wanyonyi aliniuliza kwa nini nimewadanganya watu. Nikamwambia hakuna uongo kati ya mke na mume, mkono wangu ni mkono wake. Alisema haipendi hiyo. Lakini watu waliendelea kuja kutazama, habari zikafika mjini, na mwenye karakana moja akamwajiri. Akaanza kutembea ameinua kichwa. Chai akawa anaimaliza. Nami nikajiambia, Wangari, umefanya vizuri.

Alianguka akiwa kazini. Presha, daktari alisema, na hatukuwa tumejua kuwa anayo. Nilipofika hospitali alikuwa amekwisha kufunikwa.

Kutoka hapo mambo nayakumbuka kama ya mtu mwingine. Tulimpeleka Bungoma, maana Mbukusu hazikwi mjini. Barasa aliniuliza kama aibebe injini, watu waone kazi ya ndugu yake. Nikasema beba. Angeomba paa la nyumba ningesema beba. Ikawekwa kwenye meza ndogo kando ya jeneza, na mhubiri akaizungumzia kuliko alivyozungumzia mbinguni. Watu walipita, wakamtazama marehemu, kisha wakainama kuitazama injini. Mimi nilikuwa nimekaa. Sikulia wala sikukasirika.

Kwa Wabukusu, siku ya tatu baada ya mazishi watu hukusanyika kunyolewa nywele. Mzee anayesimamia huuliza mambo yote ya marehemu, nani ana dai, na vitu vyake viende kwa nani. Mwenye neno hulisema hapo hapo, mbele ya ukoo. Ukinyamaza siku hiyo, umenyamaza daima. Ukija mwezi ujao utaulizwa ulikuwa wapi wenzako wakinyolewa.

Koti lilikwenda kwa Barasa. Baiskeli ilikwenda kwa mjomba. Kisha mzee akaonyesha injini kwa fimbo yake. "Na hii? Mama Nafula, uko na neno?"

Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa wakati huo huo, na upepo ulikuwa baridi. Nilimtazama mama mkwe. Kati ya wote waliokuwa pale, yeye peke yake ndiye aliyejua. Nilimngoja aseme. Nilifikiri likitoka kwa mama mzazi litakuwa neno zito, nami sitaonekana mjane wa kabila lingine aliyeanza kugombania vitu kabla udongo haujakauka. Alichambua maharagwe kando yangu mwaka mzima... nani angesema kama si yeye?

Akasimama. "Hiyo ni kazi ya mutoto wangu," alisema. "Alitengeneza na mikono yake. Mimi mwenyewe niliona. Iachwe kwangu."

Mzee akanigeukia tena. Nikatikisa kichwa kwamba sina neno. Ikapita.

Nilirudi Kitale na Nafula. Bandani sikuingia. Watu walisema nimejikaza, mjane mwenye nguvu. Haikuwa nguvu, hakukuwa na kitu ndani cha kukaza.

Ulipotimia mwaka, familia ilipanga ibada ya kumbukumbu. Mama mkwe akanipigia simu. Injini imekataa kuwaka, aliniambia. Barasa amejaribu, vijana wa kutengeneza bodaboda wamejaribu, na wageni wanataka kuisikia. "Kuja mapema," alisema. "Kuja kabla ya watu."

Nilikwenda. Alinipeleka sebuleni akafunga mlango. Injini ilikuwa juu ya kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, chini ya picha ya Wanyonyi. Walikuwa wameichokora vibaya, valvu zimekazwa kama nati za trekta. Nikaomba bisibisi. Nikafanya kazi, naye akaketi kando yangu kama zamani, ila maharagwe hayakuwepo.

Nilimwuliza bila kumtazama. Nilimwuliza kwa nini alisema alimwona mwanawe akiiunda, hali aliniona mimi.

Akasema polepole, "Kwani nani alimupa hii injini? Si ni wewe, mbele ya watu, na mimi nimekaa hapo? Urimupa akiwa hai. Sasa amekufa ndio unataka kumunyang'anya?" Akaendelea, "Mimi nilizaa huyo mutu. Hakuniachia nyumba, hakuniachia hata ng'ombe. Watu wanauliza mutoto wako alifanya nini duniani, nawaonyesha hii. Nikiwaambia ni yako, mimi nibaki na nini?"

Nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikarudisha gurudumu, nikasukuma. Ikawaka mara ya kwanza. Mama mkwe akaniomba niizime, nimwonyeshe Barasa namna ya kuiwasha, kisha nitokee mlango wa jikoni maana wageni walikuwa wamefika langoni.

Nikaenda kukaa na akina mama waliokuwa wakimenya viazi. Nikapewa kisu. Baada ya maombi nikaisikia ikiunguruma ndani, na makofi. Kisha nikasikia sauti ya Nafula. Alikuwa amesimama kuzungumza kwa niaba yetu. Aliwaambia amechagua kusomea uhandisi wa mitambo, kwa sababu baba yake hakuwa na chuo ila alikuwa na mikono, na yeye anataka kuiendeleza mikono ile.

Alinifuata jikoni akiwa na machozi. "Mum, umenisikia?" aliniuliza. "Unadhani niko na mikono ya dad?"

Nilimtazama. Vidole vyake ni vyangu hadi kwenye kucha, yeyote mwenye macho angeona. Kulikuwa na wanawake wanane wakinisikiliza, na baba yake alikuwa amelala kaburini hatua chache nyuma ya nyumba.

"Uko nayo," nikamwambia. Akanikumbatia, nikaendelea na viazi.

Akina dada, wapendeni waume zenu, wasitirini wakianguka, waleteeni heshima kwa kila njia. Lakini kazi ya mikono yenu msiitoe zawadi ya maneno. Sifa si sukari ya kumwazima jirani, kwamba kesho atairudisha. Ukishaitoa mbele ya watu, ina mama, ina ndugu, ina mtoto, na kila mmoja amejenga maisha yake juu yake. Semeni mapema, waume zenu wakiwa hai wa kushuhudia, hata kama mtachekwa. Kuchekwa kunaisha. Nanyi waume, wake zenu wakiwawahi kwa upendo wakawapa kisicho chenu, warudishieni siku hiyo hiyo kabla wageni hawajaondoka. Wangu alitaka. Nilimzuia mimi.

Mama mkwe amenipigia simu tena juzi. Kuna wageni wa kanisa wanakuja kwake Bungoma, na injini imegoma. Nimemwambia nitafika mapema.