Yai la Kumkaribisha Bwana Fabiano

Bwana Fabiano, mwenye gazeti, alikunywa chai mpaka koo likacheza, lakini kikombe kilirudi jikoni kimejaa vilevile. Lamunu, mpiga taipu wake, alikimwaga kila siku akajifanya hakuona. Kampala ya enzi zile za wanajeshi, mwenye macho mengi hakuzeeka.

Sasa ilimbidi aone. Mumewe Otema, askari polisi, alikuwa mafichoni akitafutwa na watu wa serikali, na Bwana Fabiano aliahidi kumvusha ziwa. Alitaka jambo moja tu: aambiwe Otema alipo.

"Kwani huyu muzee ni mutu ya wapi?" Lamunu alimnong'oneza Kakule, Mkongo aliyeendesha mtambo wa kuchapia.

"Mimi aliniambia ni wa kwetu, Butembo. Kinande anakisema kama mama yangu."

"Mimi aliniambia ni Muacholi ya Kitgum."

Kakule aliutazama mlango wa ofisi. "Valère, mwandishi wetu, naye alimuuliza wazazi wake ni nani. Wewe unamuona Valère hapa?"

Lamunu alirudi nyumbani Naguru. Mama mkwe wake, Alum, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakutaka kusikia neno. Fabiano ni mtoto wa kwetu, alisema, aje aambiwe. Basi Lamunu akaomba mgeni awekewe kwanza yai mlangoni. Kwao Acholi, mtoto aliyekaa ugenini miaka mingi hukanyaga yai kabla ya kuingia, mikosi ya njiani ipasukie nje. Asiye wa kwetu hatajua, Lamunu aliwaza, ataliruka tu.

Bwana Fabiano alikuja mchana, jua kali, viatu vyake vikinuka tope la ziwa. Hakuliruka. Aliweka mguu juu ya yai, akasimama pale kwa mguu huo mmoja, mtu mzima na tumbo lake, akimtazama Lamunu bila kupepesa, na yai halikupasuka, halikuviringika, wala halikutoa hata mlio, na mbwa wa jirani waliokuwa wakibweka wakanyamaza wote kwa pamoja, na Lamunu akataka kupiga kelele asiweze, ulimi umemlalia mdomoni kama si wake.

"Amekanyaga?" Alum aliuliza.

"Nimekanyaga, mama," alijibu kwa Kiacholi safi.

"Basi ingia, mutoto yangu. Ndugu yako iko Port Bell, kwa Kasereka muuza samaki."

"Mama, nyamaza," Lamunu alisema, ulimi umefunguka kwa kuchelewa. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Bwana Fabiano alishukuru kwa adabu, akageuka, akaenda zake.

Lamunu alitoka mbio bila kitambaa kichwani, akadandia lori la makaa, na njia nzima alimwomba Mungu wake na wa wengine. Kwa Kasereka alimkuta Otema amesimama kizingitini, mzima, anatabasamu. Alilia kwa furaha, akamshika mkono.

"Twende sasa hivi," alinong'ona. "Yule Fabiano si mutu."

"Usimuseme vibaya," Otema alisema. "Amefika zamani, iko ndani na Kasereka. Mama amemukanyagisha yai. Sasa ni ndugu yangu."

Otema alikuwa amekwisha kuvaa viatu, tayari kuvushwa naye.