Mfuko wa Kielelezo Namba Nne

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, mtunza vielelezo wa mahakama alinyanyua mfuko wa karatasi ulioandikwa namba nne ili auweke kwenye boksi la kupelekwa kwa jaji. Mkono ukapanda juu kuliko alivyotarajia. Mfuko ulikuwa mwepesi mno. Lakiri ya juu ilikuwa nzima, na sahihi juu yake. Akaugeuza. Chini, pale karatasi inapokunjwa, palikuwa pamechanwa kwa wembe na kurudishiwa kwa gundi. Ndani hamkuwa na kitu; shati la ushahidi lilikuwa limetoweka.

Dakika ishirini baadaye mpelelezi wa kesi alikuwa amesimama mbele ya rafu hiyohiyo, roho juu, ingawa usoni hakuonyesha. Kituoni walimwita Taratibu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya chini, ambaye sheria ya ushahidi aliisoma mwenyewe kwenye vitabu vya kuazima, na hakuwahi kupiga meza mbele ya mtuhumiwa.

"Kesi inaitwa saa tatu kamili," alisema mtunza vielelezo, ambaye wote walimwita Mama Stoo. "Wataniambia nimekula njama na mtu. Miaka kumi na tisa, mwenzangu! Hata kisu hakijanipotea."

"Kaa kwanza. Nani ameingia humu tangu jana asubuhi?"

Mama Stoo akafungua rejesta, lakini alisoma bila kuiangalia. "Saa tatu na nusu, mfanya usafi. Nilisimama naye mpaka akamaliza, kama kawaida yangu. Saa nane mchana, karani wa wakili wa utetezi. Huyo aliishia dirishani. Alileta barua, wakili wake anaomba shati lifunguliwe leo, mtaalamu wao aliangalie. Aliisoma kwa sauti kama anaita mnada. Saa nane na dakika tano, Sajini, karudisha panga la kesi nyingine."

"Aliingia?"

"Aliliweka mwenyewe rafuni. Mimi nilikuwa bado nabishana na karani, barua haina muhuri. Dakika sita hivi, saba."

"Wembe na gundi unaweka wapi?"

"Si hapo, kwenye kopo." Mama Stoo akageuka kulitazama kopo. "Kwani na polisi naye nimsimamie?"

Taratibu alikuwa akifikiria shati. Fundi saa alikutwa Jumatatu asubuhi sakafuni mwa duka lake, amepigwa nyundo kichwani. Jirani yake wa ukuta mmoja, fundi kufuli, aligombana naye Jumapili nzima kwa ajili ya kibaraza, watu wakisikia. Ugomvi ulikuwepo. Nyundo haikuwa na alama ya kidole cha mtu. Aliyeona hakuwepo. Kilichomweka fundi kufuli kizimbani ni shati lake lenye damu ya marehemu, na kilichomngoja huko ni kifungo cha maisha. Taratibu mwenyewe aliamini kwamba mtu wake ni huyo. Aliiamini sana mpaka faili likampa usingizi mzuri miezi minne.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Sajini aliingia akiwa amemshika mfanya usafi mkono juu ya kiwiko. Alikuwa mume wa mdogo wake Taratibu, na hata kazini hawakuweza kuitana vingine.

"Shemeji, kazi imekwisha. Huyu hapa."

"Niachie mkono!" alifoka mfanya usafi. "Nguo nimepiga pasi jana."

"Ana nini?" aliuliza Taratibu.

"Ni dada wa mke wa fundi kufuli! Na jana aliingia humu. Unataka nini tena, picha ya harusi?"

"Kwa hiyo ana undugu. Hata wewe una undugu na mimi, na sijakufunga."

"Nilijua tu," mfanya usafi alisema, machozi yakimlenga. "Tangu shemeji yangu akamatwe najua kuna siku mtanigeukia. Nina ndoo na fagio, hilo shati ningelificha wapi? Kwenye maji ya dawa?"

Mama Stoo akakohoa. "Sikumwacha hata nukta moja. Nitaapa."

"Mwachie, shemeji," Taratibu alisema. "Tena muombe radhi."

Sajini aliachia mkono. Radhi hakuomba.

Alipobaki peke yake na Mama Stoo, Taratibu aliupeleka mfuko dirishani. Karatasi ilikuwa ya kaki, ngumu, imenyooka, ikilia mikononi kama imetoka dukani leo. Maandishi ya wino ubavuni yalikuwa makali, hayajatawanyika popote. Aliupitishia kidole ndani na nje. Kisha akafungua faili na kusoma maelezo ya upekuzi, mstari kwa mstari, kwa mara ya kwanza bila haraka ya kuamini.

*Jumanne, saa kumi na moja na robo jioni, mvua kubwa ikinyesha. Shati limekutwa kwenye kamba ya nguo uani, limelowa chapachapa, madoa yamefifia kwa maji. Limetiwa mfukoni na kuwekewa lakiri palepale, saa kumi na moja na nusu.*

"Mama Stoo. Mfuko huu ukitiwa nguo mbichi unakuwaje?"

"Unakunjamana, unaweka duara za maji. Hata uupige pasi haurudi. Ndiyo maana tunawaambia nguo ikauke kwanza."

"Huu umewahi kubadilishwa?"

"Haujawahi. Ukibadilishwa naandika, na wa zamani nauhifadhi."

Saa mbili na dakika tano Taratibu alimwita Sajini kwenye chumba kidogo cha mashahidi. Palikuwa na meza moja, viti viwili na feni inayonguruma. Mfuko alikuwa ameuacha kwa Mama Stoo.

"Wakili wa serikali atakuuliza kuhusu shati, maana lenyewe halipo," alisema. "Nataka tupitie. Ulilitoa wapi?"

"Shemeji, si nimeandika?"

"Niambie tu."

"Kwenye kamba, uani. Wenzangu walikuwa ndani wanapekua."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ya kumwaga. Waulize majirani."

"Hukulikamua? Hukulianika kwanza?"

"Ningelianika wapi, kichwani? Lilikuwa linachuruzika. Nikatia mfukoni hivyohivyo, nikafunga, nikasaini."

"Mfuko huohuo wenye sahihi yako, namba nne."

"Huohuo. Mbona unanihoji kama mwizi wa kuku?"

Taratibu alitoka, akarudi na Mama Stoo na mfuko. Akauweka mezani katikati yao, taratibu, kama mtu anayetua sahani ya moto. Sajini aliitazama ile karatasi ya kaki iliyonyooka. Alinyoosha mkono akaigusa, na mkono haukurudi haraka. Feni ikanguruma.

"Mfuko huu haujawahi kulowa," Taratibu alisema. "Shati halikutoka kwenye mvua. Lilikuja na wewe."

"Mlikuwa hamna kitu!" Sauti ya Sajini ilipasuka ghafla. "Wewe na vitabu vyako, 'hatujathibitisha, hatujathibitisha'. Mama wa marehemu alinishika shati mimi, si wewe! Nilimwahidi. Na wewe mwenyewe ulisema ni yule fundi. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi! Nilipomkamata Jumatatu shati lilikuwa linaning'inia msumarini, nikalichukua. Chupa ya damu kutoka chumba cha maiti nilikuwa nayo mimi, niipeleke maabara. Matone mawili na maji kidogo. Mvua ya Jumanne ikanipa sababu ya madoa kufifia. Nilikusaidia, shemeji! Halafu jana yule karani anabweka dirishani eti mtaalamu, eti lifunguliwe. Ningemwacha aone damu ya chupa?"

"Nyamaza sasa."

"Ninyamaze nini?"

"Nyamaza kwa faida yako. Maneno haya umenitolea mimi, askari, bila wakili wako. Yanaweza yasipokelewe, na mimi sitaki kuyategemea." Alimgeukia Mama Stoo. "Mwite wakili wa serikali. Kabati la Sajini lifunguliwe mbele yenu wawili. Mimi nitakaa mlangoni, sitagusa kitu."

Sajini aliketi. Baada ya muda akatoa ufunguo mfukoni na kuusukuma mezani, akitazama pembeni. Saa mbili na dakika thelathini na nane walilikuta shati ndani ya kofia ya pikipiki, limekunjwa vizuri. Bado lilikuwa na mkunjo wa dobi, kama nguo isiyowahi kunyeshewa.

Saa tatu kamili kesi ikaitwa. Taratibu aliapa, akaeleza yote kuanzia mfuko hadi kabati. Hakutaja alichoambiwa chumbani. Hakutaja pia anachoamini. Wakili wa serikali alikuwa akifungua na kufunga kalamu yake.

"Bila shati hili," jaji aliuliza, "upande wa mashtaka umebaki na nini?"

"Na ugomvi, mheshimiwa," alijibu wakili. "Ugomvi tu."

Fundi kufuli aliachiwa kabla ya saa tano. Alimkuta Taratibu kwenye korido, akasimama mbele yake, mkanda wake bado mkononi.

"Kwa hiyo mama, unajua sikuua."

"Sijui."

"Umenitoa na hujui?"

"Kazi ya kuthibitisha ni yangu, si yako. Nimeshindwa. Lakini nikipata kitu cha kweli, nitakuja."

Fundi kufuli alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Njoo tu. Kufuli nitakutengenezea." Akaenda zake. Taratibu alimtazama mpaka kwenye ngazi, akijaribu kusoma mgongo wake, na mgongo haukumwambia lolote. Kule ndani mama wa marehemu alikuwa bado hajainuka kwenye benchi.

Mdogo wake Taratibu, mke wa Sajini, alifika saa sita, amevaa ndala za ndani, khanga imefungwa upande.

"Dada, ni kweli umemtaja wewe? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

"Ungenyamaza! Nani angejua? Shati lingepotea, kesi ingeanguka, yule fundi angetoka hivyohivyo!"

Hilo Taratibu alishalipima, kwenye chumba kile cha feni, na lilikuwa karibu limshinde. "Mfanya usafi angefungwa," alisema. "Na mimi kesho ningepeleka shati jingine la mtu mwingine, nikiapa ni la kweli."

Mdogo wake alikaa kwenye ngazi kama aliyekatwa miguu. Alilia kwa muda mrefu, na Taratibu alikaa kando yake bila kumgusa, kwa sababu hakujua kama bado anaruhusiwa.

"Sasa nifanye nini?" mdogo wake aliuliza hatimaye.

"Mtafutie wakili. Na yeye hana wajibu wa kuthibitisha chochote, ni juu yetu. Shahidi wa kwanza nitakuwa mimi. Kwa hiyo tafuta mzuri, mdogo wangu. Asiyenionea haya."