Rangi ya Damu ya Muoki

Muoki alishona viatu vya ngozi sokoni Kariokor. Mgongo ulimuuma, naye kila siku alimeza vidonge vya maumivu. Asubuhi viwili, jioni viwili. Miaka mitatu.

Jumatatu moja miguu yake ilivimba, viatu vikakataa kuingia. Mkewe, Wanza, aliibonyeza kwa kidole. Shimo likabaki.

"Baba Ndanu, twende hospitali."

"Ni uchovu tu. Nina oda za watu."

Wanza hakutulia. Aliketi, akainuka, akatoka hadi mlango wa jirani yao hapo Komarock. Jirani huyo, Njoki, alifanya kazi katika maabara ya kliniki. Alikuja, akaitazama miguu na pakiti ya vidonge mezani.

"Baba Ndanu, usimeze tena hizo dawa. Kesho uje umwone daktari, tupime figo."

"Figo? Mbona nakojoa vizuri?"

"Figo huumia kimyakimya."

Kesho yake daktari aliagiza kipimo. Muoki alitolewa damu, lakini kukaa kulimshinda. Alizunguka ua wa kliniki, kisha akachungulia maabara.

"Njoki, mnatafuta nini humo?"

"Kreatinini. Ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikiwa nzima, huitoa kwa mkojo. Zikichoka, taka hubaki katika damu. Tunachukua majimaji ya damu, tunatia dawa, yanakuwa na rangi ya machungwa. Kisha mashine inapitisha mwanga. Taka ikiwa nyingi, rangi hukolea na kumeza mwanga mwingi. Mashine inapima mwanga uliomezwa, inatupa namba."

"Basi isikolee, Mungu wangu."

Ilikolea. Namba ilikuwa mia moja na tisini. Kwa kawaida ingekuwa chini ya mia moja na kumi.

"Figo zimeumia, hazijafa," daktari alisema. "Vidonge hivyo basi. Na mitishamba usiguse. Tutapima tena."

Wiki zile zilikuwa ndefu. Mgongo uliuma, mkono ukaingia mfukoni kutafuta vidonge, ukatoka mtupu. Muoki aliinua meza yake ya kazi ili asiiname. Alifanya mazoezi aliyofundishwa. Wanza alimwamsha kila siku ya kipimo kabla jogoo hajawika.

Mia moja na sitini. Mia moja na thelathini. Mwezi wa nne tangu aache vidonge, mia moja na kumi na tano.

Siku hiyo Muoki alirudi sokoni akamkuta Wahome, mshonaji mwenzake, akifungua pakiti ya vidonge.

"Umewahi kupima figo?"

"Sina shida ya figo."

"Hata mimi nilisema hivyo. Vaa koti, twende."