Maneno Ambayo Kapitolina Hakuyaandika

Fuvu la kichwa cha mtu lilibingirika juu ya theluji ya soko la Apraksin, likapita katikati ya mapipa ya matango ya chumvi, likagota kwenye buti la Arkhip Ternovski. Wauza samaki wawili walipiga ishara ya msalaba wakarudi nyuma. Arkhip aliliokota, akalipangusa kwa mkono wa koti lake lililochakaa, akatazama nani anakuja.

Alikuja msichana aliyekata nywele hadi masikioni, miwani ya buluu usoni, gauni jeusi la sufu lisilo na hata utepe mmoja.

"Dada, umedondosha mtu," Arkhip alisema.

"Nipe. Nimelinunua kwa hela yangu."

"Alikuwa nani?"

"Mfupa hauna nani. Na wewe ukifa utakuwa hivyohivyo, kwa hiyo usijione."

"Mie sijioni. Nimekuokotea tu mgeni wako."

Msichana alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Hivyo ndivyo Kapitolina Saveliyevna, binti wa mchonga mihuri, alivyokutana na Arkhip, mwanafunzi wa ufundi na mtoto wa shemasi kutoka Vologda, kipupwe cha mwaka 1869. Kabla hawajafika kwenye daraja la Fontanka walikuwa wameshakubaliana kwamba Mungu hayupo, ndoa ni pingu, na mapenzi ni damu tu inayokwenda mbio. Wazee mtaani waliwaita vijana wa namna hiyo wanihilisti, wasioamini chochote, na wenyewe walilipenda jina hilo. Arkhip aliyasema yote hayo huku damu yake ikienda mbio.

Kapitolina alitaka kwenda ng'ambo, Zurich, kusomea udaktari. Baba yake, Saveli Gordeyevich, mjane, hakutaka, na bila idhini ya baba binti hapewi pasi ya kusafiria. Wala hakumfokea. Alisema tu, "Kapa, mwanangu, nimebaki na wewe peke yako. Ukienda niongee na nani, na ukuta?" Kisha akarudi kwenye meza yake ya kuchonga, akainamisha macho yaliyokwisha kuanza kufifia.

"Angenipiga ingekuwa nafuu," Kapitolina alimwambia Arkhip. "Ningemchukia, nikaondoka zangu."

"Mke anapewa ruhusa na mumewe."

Kapitolina alimtazama. Wenzao kadhaa walishafanya hivyo: ndoa ya karatasi, kisha kila mtu na njia yake.

"Na wewe utapata nini?"

"Sitaki kitu. Ni msimamo tu."

"Usije ukanipenda, Arkhip. Utaharibu kila kitu."

"Nikupende na hizo nywele?"

Mzee aliposikia posa alifurahi kuliko walivyotegemea. Siku ya arusi walipiga magoti mbele yake sebuleni. Alishika picha takatifu ya Bikira Maria aliyoiacha marehemu mkewe, akawabariki kwa zamu. "Arkhip, mwanangu," alisema, "nimekupa jicho langu." Arkhip hakuziamini picha zile, lakini aliinamisha macho sakafuni kama mtu aliyeiba huku mwenye mali anamtazama.

Wiki tatu baadaye Kapitolina aliondoka. Mzee aliambiwa mume ndiye aliyemtuma kusoma, hakupinga, maana mke sasa alikuwa chini ya mumewe. Kwenye kituo cha treni Kapitolina alimpa Arkhip mkono kama wanaume wanavyopeana.

"Asante, mwenzangu. Uwe unampitia baba."

Akawa anampitia kila Jumapili. Barua ya kwanza ilipofika, mzee hakuweza tena kusoma maandishi, hivyo barua zikawa zinasomwa na Arkhip. Ya kwanza aliyomsomea ilisema: "Nimepata chumba. Chakula kibaya. Tunasoma mishipa ya shingo. Kapitolina."

Mzee alisubiri.

"Ndiyo hiyo tu?"

Arkhip alitaka kusema ndiyo. Aliuona uso wa mzee, akaigeuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Kuna na huku, baba. 'Baba yangu mpenzi, jana nimepika supu ya kabichi, nikakosa mtu wa kuniambia nimezidisha chumvi.'"

Mzee alishika ukingo wa meza.

"Hebu rudia hapo pa chumvi."

Ikawa ndiyo desturi. Mwanzoni Arkhip aliongeza maneno kwa huruma. Baadaye aliongeza kwa sababu hakuweza kuacha. Kapitolina wa upande mtupu wa karatasi alicheka, aliota ndoto za nyumbani, aliuliza kama mumewe amevaa skafu. Kapitolina mwenyewe alimtumia mstari uleule kila mwezi: "Salamu kwa Arkhip." Kila Arkhip alipotoka kwa mzee alijiona mchafu, na Jumapili iliyofuata alirudi.

Kiangazi cha mwaka 1873 serikali iliamuru wanafunzi wa kike warudi kutoka Zurich. Kapitolina aliingia nyumbani bila taarifa, mkoba mmoja mkononi, nywele zimefika mabegani, akawakuta wanaume wawili wamekaa kwenye drafti. Mzee alimpapasa uso kwa vidole vyote.

"Umekonda, Kapa. Na ile ndoto ya mimi kuvaa kofia ya bibi yako, ulimsimulia mtu huko?"

"Ndoto gani, baba?"

"Si uliiandika wakati wa Pasaka? Nimeicheka mwezi mzima."

Kapitolina alimtazama Arkhip. Arkhip alikuwa mwekundu hadi masikioni. Kapitolina alimvuta koti mpaka ukumbini, akafunga mlango.

"Nani alikuruhusu kumpenda baba yangu kwa jina langu?"

"Alikuwa anasubiri, Kapa. Wewe ukaandika mishipa ya shingo."

"Tuliapa hatutadanganya kama wazee wetu. Wewe umewapita wote. Na huyo mwanamke uliyemtunga, ndiye unayemtaka? Maana siye mimi."

Uongo wenyewe haukumuuma sana Kapitolina. Kilichomuuma ni kwamba maneno yale yangemchukua dakika mbili, na kwa miaka zaidi ya mitatu hakuyaandika.

Alirudi ndani akamweleza baba yake yote: barua, na arusi pia. Arkhip alisimama mlangoni. Mzee akaomba asomewe barua kama zilivyo. Kapitolina alisoma moja baada ya nyingine, kavu, fupi, mpaka akafika kwenye moja ya mwaka wa kwanza: "Leo tumempasua mzee asiye na ndugu. Viganja vyake vilikuwa na sugu kama vyako."

Mzee aliinua mkono.

"Hii sikusomewa."

"Niliona itakuhuzunisha, baba," Arkhip alisema. "Nikairuka."

"Siku ile sikula," Kapitolina alisema taratibu. "Nililala na viatu."

Mzee aligeuza uso kuelekea mlangoni. "Kumbe aliniandikia mwenyewe. Wewe ukanificha mwanangu, ukanipa mwingine. Nenda, Arkhip. Jumapili usije."

Hakwenda Jumapili tatu. Ya nne, saa sita mchana, Kapitolina aligonga chumbani kwake. Alikuwa amevaa gauni lilelile jeusi, miwani ameishika mkononi.

"Amekutuma?" Arkhip aliuliza.

"Hajui niko hapa. Nimesoma barua zangu zote tena. Salamu kwa Arkhip, salamu kwa Arkhip. Kila moja niliikalia nusu saa kabla ya kuiandika." Alivua kofia. "Tumeoana miaka minne na hujawahi kuniuliza kitu."

"Nilikuahidi sitakupenda."

"Na mimi nilidhani umeitimiza ahadi hiyo, mpumbavu mimi."

Basi Arkhip alimuuliza, akiwa amesimama, bila maneno ya kupamba, kama atakuwa mkewe kweli. Kapitolina akajibu kwamba ndoa bado haiamini, ila hataki kukaa mbali naye tena. Arkhip alimshika mkono, wakashuka ngazi.

Saveli Gordeyevich alikuwa mezani. Alitambua hatua za wawili hao, akaweka kijiko chini. Walipiga magoti wenyewe, bila kuambiwa.

"Safari hii ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli, baba."

Mzee alinyoosha mikono, akawapapasa vichwa, akaiacha hapo kidogo, kisha akairudisha mapajani.

"Sina cha kuwapa," alisema. "Baraka zangu zote nilishawapa siku ile ya arusi. Inukeni mle, chakula kinapoa."

Waliinuka, wakala naye, na kwa aibu Arkhip na Kapitolina hawakuthubutu kutazamana.