Pumzi Katika Mtungi wa Mwisho

Mwanaidi ndiye aliyemwambia Zipora kwanza kwamba mtungi wa mwisho, kule kwenye chumba cha kompyuta, ulikuwa unapumua.

Walikuwa wakisuuza matambara nyuma ya ofisi ya kampuni ya uchimbaji, mtaa wa Nyahanga, ambako wote wawili walifanya usafi. Zipora alicheka.

"Cheka tu, Mama Doto. Kaweke sikio."

Chumba hicho hakikuwa na dirisha. Kompyuta za mgodi zilinguruma humo bila kupumzika, na ukutani ilisimama mitungi mirefu, myekundu. Charles, fundi, alishawaeleza kazi ya mitungi hiyo. Maji yangeziua mashine, kwa hiyo moto ukitokea mitungi ingemwaga gesi inayozima bila kulowesha kitu.

"Darini kuna kifaa kinachonusa moshi," alisema. "Kengele ikilia, tokeni. Msirudi hata kuchukua kandambili."

Zipora alipoufuta mtungi wa mwisho, aliukuta baridi, umefunikwa ukungu mweupe. Kwenye ukungu ule palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto. Akaifuta. Kesho yake ilikuwapo tena, palepale. Ndipo akaweka sikio. Pumzi fupifupi, na kikohozi chembamba mwishoni. Alizijua. Hivyo ndivyo Kulwa, pacha wa mwanawe Doto, alivyopumua wiki ile aliyofariki.

Kwao, pacha akifa, sehemu yake haikomi: uji humiminwa vikombe viwili, aliyekwenda asije akamfuata aliyebaki. Zipora alikuwa amekificha kikombe cha Kulwa uvunguni. Kukitazama kulimuuma.

Sasa Doto naye alianza kuishiwa pumzi. Zahanati walimpima, hawakuona kitu. Kifua chake kilipozidi kubana, pumzi za mtungini zilizidi kujaa.

"Kuna jini mle, linamnyonya mwanao," Mwanaidi alinong'ona. "Jumapili Charles yuko kanisani. Mlete mtoto, tufukize ubani. Bibi yangu alilitoa moja kwenye pipa la unga."

"Na kile kifaa cha moshi?"

"Ubani si moto, Mama Doto. Ni harufu."

Jumapili mchana waliingia. Doto alikuwa mgongoni, ndani ya kanga, akikoroma kwa shida. Mwanaidi aliweka chetezo sakafuni, akanyunyiza ubani juu ya makaa. Moshi ukapanda taratibu. Mtungi wa mwisho ukanyamaza.

"Linasikia," Mwanaidi alisema kwa sauti ya chini.

Kengele ikalia. Taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima, Mwanaidi akaruka mlangoni, na Zipora alipogeuka amfuate alihisi kanga ikivutwa kwa nyuma, chini, usawa wa magoti, na vidole vidogo vya baridi vikiikunja na kuing'ang'ania huku kifua cha Doto kikitulia kabisa mgongoni mwake, kisha katikati ya kelele ile yote akasikia sauti ya mtoto aliyekufa kabla hajajua kusema, ikisema polepole kwa Kisukuma cha nyumbani, "Mayu."

Mama.

"Kulwa," Zipora alisema. "Mwachie mwenzako. Kikombe chako kipo. Twende nyumbani."

Vidole vikaachia. Alitoka mbio, gesi ikapasuka nyuma yake kwa mngurumo, na chumba kizima kikawa cheupe. Pale uani Doto alivuta pumzi ndefu, akalia.

Charles alifika na shati la kanisani. Aliiona mitungi, akakiona chetezo.

"Ubani," alisema. "Kazi yenu mmeimwaga pamoja na gesi." Kisha akagonga kwa ukucha kipimo cha gesi cha mtungi wa mwisho. "Ila huu haukutoa kitu. Umekauka siku nyingi. Ndani hamna hata pumzi."

Mwanaidi alimtazama Zipora. Zipora alikaza kanga, akashika njia ya nyumbani.

Asubuhi iliyofuata alipika uji. Aliingia uvunguni, akatoa kikombe cha pili, akakiosha, akakijaza. Doto alikunywa bila kukohoa, kisha akasogea pembeni ya mkeka kumpisha mtu. Zipora alikwenda kuchukua sukari. Aliporudi, kikombe cha pili kilikuwa kitupu, baridi kama kimetoka kwenye friji, na ubavuni mwake ukungu ulikuwa umechora kiganja kidogo.

Safari hii hakukifuta. Alichukua upawa, akamwongezea.