Kishindo na Shela la Nesi

Kiherehere alipotoka shule alipitia mlango wa nyuma, kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa wa wateja wa mama yake, fundi cherehani. Jina hilo la Kiherehere alipewa nyumbani: hata maji yakichemka, yeye ndiye aliyefika wa kwanza kuyaona. Alivua viatu, akaviweka juu ya kabati la vyombo, kisha akavua soksi, akazitia mfukoni. Ndiyo, juu ya kabati. Katika nyumba ile, chochote kilicholala sakafuni kilihesabiwa kuwa mali ya Kishindo.

Kishindo alikuwa mtoto wa mbwa, rangi yake ya chai ya maziwa, masikio yake hayaelewani: moja limesimama, jingine limelala. Fundi baiskeli wa mtaa wa pili ndiye aliyempa Kiherehere, na tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani wala jozi kamili ya soksi.

Kabla hajamaliza kunawa mikono, alisikia cherehani imenyamaza ghafla.

"Futi yangu ya kupimia," Mama alipiga kelele. "Amebeba futi yangu!"

Kishindo alipita sebuleni kama mshale, futi ikipepea nyuma yake kama mkia wa pili. Nyuma yake alikuja Mama. Nyuma ya Mama alikuja Mjomba, seremala aliyeishi nao, mtu mnene mwenye sauti ya kupasua vioo.

"Mzungukie huko. Ziba mlango, Kiherehere, mwizi huyo anatoka."

Walizunguka meza, wakatoka uani, wakarudi ndani. Mjomba alijirusha sakafuni kama golikipa, akadaka hewa. Futi ilipopatikana, namba zake zilianzia kumi na mbili.

"Basi," Mama alisema akihema. "Wiki ijayo yule nesi wa zahanati anakuja kujaribu gauni lake la harusi. Anakuja na shela alilovaa mama yake siku ya kuolewa. Mbwa huyu akilitafuna, nitalitoa wapi jingine? Lazima atulie kabla ya siku hiyo. Asipotulia, anarudi kwa fundi baiskeli."

"Mama, lakini bado mtoto."

"Hata moto huanza ukiwa mtoto."

"Dawa yake ni kandambili moja ya mgongo," Mjomba alisema, akijipangusa vumbi.

"Si ulimpiga nayo juzi, Mjomba?"

"Nilimpiga."

"Akafanyaje?"

Mjomba alikohoa kidogo. "Akaila hiyo kandambili."

Jioni ile Kiherehere alikuwa uani anaosha vyombo, moyo mzito kuliko masufuria yaliyokuwa mbele yake. Kishindo akatokea na mwiko mdomoni. Siku nyingine Kiherehere angetimua mbio nyuma yake, lakini mikono ilijaa povu hadi kwenye viwiko, na Mama alikwisha sema kwamba vyombo vikioshwa nusu vitarudiwa vyote. Akaendelea kuosha.

Kishindo aliinamisha kifua, akainua makalio, akasubiri. Hakuna aliyemkimbiza. Akasogea, akautikisa mwiko. Kimya. Akabweka, mwiko ukamponyoka, akauokota upesi kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. Mwishowe alikuja mwenyewe, akauweka miguuni pa Kiherehere, akaketi, akashusha pumzi kama mwenye sherehe ambaye wageni wake hawakufika.

Kiherehere aliingia ndani mbio, povu likiruka ukutani.

"Mama, Kishindo si mwizi. Anatuita tucheze. Akiokota kitu tunakimbia wote, tunapiga kelele, Mjomba anaruka sarakasi. Ataachaje? Hata mimi ningeiba."

Mama alimtazama Mjomba.

"Kwa hiyo mimi ndiye mchezo?" Mjomba aliuliza.

"Wewe ndiye mchezo wenyewe, Mjomba."

Wakakubaliana usiku ule ule kabla ya kula. Kuanzia hapo, hakuna kumkimbiza Kishindo wala kumpigia kelele. Aliye karibu naye atachuchumaa, atasema "Achia" kwa sauti ya kawaida, na atamwonyesha kipande kidogo cha nyama. Akiachia tu, apewe nyama na asifiwe hapo hapo, si baadaye. Neno liwe hilo hilo kwa kila mtu. Tena Kiherehere akasokota kamba ya mabaki ya vitambaa, na kila alasiri alivutana na Kishindo uani hadi ulimi ukamning'inia, ili asitafute mchezo kwenye vitu vya wenyewe.

Kishindo alielewa upesi. Mwanafunzi mgumu alikuwa Mjomba.

Siku kofia yake ilipochukuliwa, Mjomba alishika meza kwa mikono miwili. "Kofia yangu inatafunwa, nami nimesimama kama nguzo ya umeme."

"Vumilia, Mjomba."

"Miguu inaniwasha."

Akavumilia, akavumilia, kisha akatoka nduki. Kishindo alifurahi kupita kiasi, na siku iliyofuata kila alichokiiba alikipeleka kwa Mjomba kwanza.

"Umeona?" Mama alisema. "Umeturudisha darasa la kwanza."

Kiherehere alitaka kulia. Siku zilikuwa zinakwisha. Badala ya kulia akaanza upya, na safari hii alimkalisha Mjomba kitini, akalie viganja vyake mwenyewe ili asinyanyuke. Kishindo alipochukua kofia, Mjomba alitokwa jasho lakini hakubanduka. Kofia ikarudi.

"Vizuri sana, Mjomba," Kiherehere akasema, akampa na karanga.

Siku ya nesi ikafika. Kishindo alikuwa amechezeshwa vya kutosha, amelala chumba cha nyuma. Nesi alisimama katikati ya chumba cha mbele amevaa gauni, Mama amebana pini midomoni, shela jeupe limetundikwa kwenye kiti. Hapo Mjomba akaingia kutoka chumba cha nyuma na kigoda kipya ili nesi asimame juu yake. Mikono ilikuwa imejaa, akausukuma mlango kwa bega, na hakuurudishia.

Kishindo alipenya katikati ya miguu yake. Kufumba na kufumbua, ncha ya shela ilikuwa mdomoni.

Nesi alikusanya gauni tayari kukimbia. Mjomba alivuta pumzi ya kupiga ukelele.

"Asikimbie mtu," Kiherehere alisema taratibu. "Dada, tafadhali tazama dari."

"Dari?"

"Dari, Dada. Mjomba, kaa."

Nesi akatazama dari. Mama na pini zake akatazama dari. Mjomba akaketi juu ya kigoda, akakalia viganja, akafumba macho. Kishindo alisimama mlangoni, shela limemfunika pua, akawakagua mmoja mmoja. Kiherehere alichuchumaa. Kila mfupa mwilini ulitaka kuruka ukanyakue kile kitambaa. Akafungua kiganja chenye nyama.

"Achia."

Kishindo akatikisa mkia. Meno hayakuachia. Kiherehere hakurudia wala hakusogea.

Shela likaanguka sakafuni.

"Vizuri sana, Kishindo." Akampa nyama kwanza, ndipo akaliokota.

Mama aliligeuza dirishani, uzi kwa uzi. "Mate tu," alisema.

Nesi alicheka hadi machozi. "Fundi, kila siku nachoma watoto sindano. Sijawahi kuona chumba kizima kikitulizwa na mtoto."

"Kishindo anabaki," Mama alisema. Akakaa chini, akamvuta Kiherehere karibu. "Nilitaka kumfukuza kwa tabia tuliyomfundisha sisi wenyewe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi tukadhani kazi yote ni ya samaki. Kumbe anayekunja ndiye anayetakiwa kutuliza mkono, leo na kesho, hata akiwa na hasira. Mkitaka mwenzenu aache tabia mbaya, angalieni kwanza mnamlipa nini kila anapoifanya. Na ukikosea katikati ya kazi, anza tena kama alivyoanza huyu."

Mjomba alifumbua jicho moja. "Kwa hiyo naweza kusimama?"

"Subiri," Kiherehere akasema. "Bado hujasifiwa."