Jogoo Ndani ya Spika

Sogeeni. Wewe uliyekaa mlangoni, ingia urudishie mlango. Hili sitaki kulisema kwa sauti kubwa. Na hizo simu zenu zimeni. Si kutoa mlio, zimeni kabisa, hata vile vijitaa vyake visiwake. Mmezima? Haya. Nyamazeni sasa, humu ndani isikike sauti moja tu, yangu.

Mnanijua. Mimi Recheli, mke wa marehemu Mahona, wa hapa hapa Kitete. Kusoma sijui. Baba yangu Ngollo alikuwa akisema msichana akijua kusoma atasoma mpaka barua zisizomhusu. Basi nikabaki na masikio. Kila kitu changu nimekipata kwa masikio, na sauti ya mtoto niliyemzaa mwenyewe siwezi kuipoteza hata uichanganye na soko zima.

Watoto walionikulia ni wawili: Ambrosi, na mdogo wake Eustadia.

Eustadia alikwenda Mpanda, kufanya kazi kwa mama lishe. Ambrosi ndiye aliyemsindikiza. Tangu siku hiyo sikumtia machoni, ila salamu zake zilikuja. Mimi simu yangu ni kitochi, haina mambo. Salamu zilifika kwenye simu kubwa ya kaka yake. Ambrosi alikuwa akija ananiwekea sikioni, namsikia binti yangu: "Mama, shikamoo! Mimi mzima, usiwe na wasiwasi." Siku nyingine: "Mama, Pasaka njema. Mvua zikikatika nitakuja." Nami naitika marahaba mwanangu, namwambia habari za nyumbani, nani kaoa, nani kaugua, kuku gani kaangua. Ambrosi anabonyeza simu, ananiambia, "Imekwenda, mama."

Imekwenda. Na mimi nalala usingizi.

Ambrosi mwenyewe alikuwa mtu wa tumbaku. Alilima na baba yake mdogo, shemeji yangu Fikiri, kule mbele ya Usoke, kando ya ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe zao kutoka Ujiji. Wana bani moja kubwa la kukaushia. Misimu hiyo tumbaku yao ilistawi mpaka watu wakauliza, hawa vibarua wao wanawatoa wapi, mbona hatuwaoni? Nikawa nawajibu kwa maringo: mwanangu anajituma.

Sasa, jioni yenyewe. Jua lilikuwa linazama, wanawake wanaanua nguo. Nikaenda dukani kwa Najiat kutafuta ekstensheni.

"Bibi Recheli, ekstensheni ya nini tena? Unafungua saluni?"

"Mwanangu kaniletea mashine ya muziki. Ya intaneti."

"Weee! Bibi wa Wi-Fi! Kesho utatupigia singeli mtaa mzima."

"Singeli kampigie mumeo. Mimi nitaweka kwaya."

Nilirudi nacheka peke yangu njiani. Ndivyo ilivyokuwa. Nilicheka.

Nyumbani nikamkuta Ambrosi kaketi kwenye mkeka, nyaya zimemzunguka. Mbele yake boksi jeusi, ukubwa wa mkate. Kando yake ile ruta, kidude chenye masikio mawili kinacholeta intaneti. Na simu yake mkononi. Hata yeye ilikuwa mara yake ya kwanza. Anabonyeza, anarudi nyuma, anakuna kichwa.

"Mama, angalia. Nyimbo ziko huku kwenye simu. Ruta inazichukua, inazipeleka kwenye spika. Ukiwa jikoni unasikia, ukiwa chumbani unasikia."

"Na hapo katikati kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hata waya?"

"Hewa tu, mama."

Simu ikawa inamuuliza maswali. Naye anabonyeza tu: ruhusu... ruhusu... ruhusu.

"Unaruhusu nini, baba?"

"Sijui, mama. Inauliza kama ichukue sauti zote zilizomo. Ukikataa haiendelei."

Akabonyeza.

Boksi likalia.

Kilio chembamba, cha kukatakata, cha kitoto kilichozaliwa jana. Nikaziba masikio. Ambrosi anazungusha kitufe, wapi. Anasogeza ruta, wapi. Akasema, "Inataka jina. Kila spika lazima uipe jina." Akaandika sebuleni, ikakataa. Akaandika nyumbani, ikakataa. Nayo inalia tu.

Mimi nikaingiwa na utani. Kwetu kitoto kikilia bila kunyamaza, huwa tunakitajia majina ya waliotangulia. Lile kitakalonyamazia, hilo ndilo jina lake, mwenyewe amerudi. Nikaliinamia boksi, nikalipigapiga mgongoni.

"Ni wewe, Ngollo?"

Linalia.

"Ni wewe, Mahona? Umeikumbuka nyumba yako?"

Linalia.

"Ni wewe, Minza?" Huyo ni mama yangu.

Linalia. Na ulimi wangu, ambao kutwa kucha una jina moja, ukateleza.

"Ni wewe, Eustadia?"

Kimya.

Hakikupungua kile kilio. Kilikatika, kama mtoto aliyepata ziwa.

Nikacheka. "Tazama nilivyozeeka, namwita aliye hai pamoja na wafu!" Nikamgeukia Ambrosi tucheke wote. Hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mikono imemwanguka mapajani.

"Mama," akanong'ona. "Hilo jina usilitaje hapa."

"Kwa nini?"

"Usilitaje tu."

Kabla sijamjibu, boksi likaanza kuimba. Kwaya, nzuri, sauti nne zimejaa nyumba. Nikasema moyoni, afadhali. Kwaya ikaisha. Kukawa na mkwaruzo... pumzi... halafu:

"Mama, shikamoo! Mimi mzima, usiwe na wasiwasi."

Nikaruka kwa furaha! Binti yangu, sauti kubwa, kama amesimama katikati ya sebule. "Marahaba, mwanangu!" Ambrosi akaidaka simu, anabonyeza huku na huku, vidole vinateleza.

"Mama, Pasaka njema. Mvua zikikatika nitakuja."

Nyuma ya sauti yake jogoo akawika.

"Mama, pole na homa. Kunywa dawa."

Jogoo akawika.

"Mama, Krismasi njema. Mwaka huu nimekosa nafasi."

Jogoo yule yule. Kwenye simu, sikioni, sikuwahi kumsikia. Simu ni ndogo. Spika ilimtoa mzima mzima. Alianza vizuri, katikati akapasuka sauti, akamalizia kwa kukohoa. Mnafikiri sikumjua? Jogoo wangu huyo! Kishingo, aliyekuwa akilala juu ya tofali pale uani. Tulimchinja siku ya kumuaga Eustadia. Yeye mwenyewe ndiye aliyemnyonyoa.

Nikakaa chini.

Halafu boksi likatoa sauti ya kizee, inayokwaruza. "Marahaba mwanangu. Huku mvua imegoma. Kuku mweupe kaangua. Unakula lakini? Ukipata nafasi nipigie hata mara moja, nikusikie ukicheka."

Yangu.

Majibu yangu yote, moja baada ya jingine, na kati ya jibu na jibu nasikia pale nilipovuta kamasi. Hayakuwa yamekwenda popote. Yalikuwa mfukoni mwa mwanangu.

"Ambrosi," nikasema. "Eustadia yuko wapi?"

"Mama, nilitaka kukuambia..."

"Yuko wapi?"

Akapiga magoti. Akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, siwezi kumsingizia. Akasema Eustadia alifariki. Homa, akasema, ilimshika ghafla, hata Mpanda hakufika, akazikwa huko huko njiani. Na mimi nina presha. Daktari alikuwa amemwonya nisipewe habari nzito. "Nilikuogopea wewe, mama. Ningekupoteza na wewe."

Nikanyoosha mkono nimshike kichwa. Ndiyo, nilitaka kumsamehe pale pale. Mtoto kaficha msiba kwa kumwonea mama huruma, nani hasamehi? Mkono ukafika karibu na nywele zake. Nikamkumbuka jogoo.

"Ambrosi. Nani alimwosha?"

"Wanawake wa huko."

"Wanawake gani? Uso wake uliuona?"

Akaivuta simu yake karibu.

"Hizo salamu za Pasaka, za Krismasi, alizisemea uani kwangu. Jogoo akiwa hai. Kabla hajaondoka." Sikuitambua sauti yangu mwenyewe. "Ulimwambiaje mpaka akazisema? Ulimwambia, sema na ya homa, mama atakuja kuugua? Msichana ambaye hajaugua, hajapanda gari... ulijuaje kwamba hatakuwa na mdomo wa kunisalimia?"

Ambrosi akaangalia chini.

Hapo ndipo nilipoisikia harufu. Tumbaku. Si ya kuvuta, ni ya majani mabichi yanapoanza kupata moto ndani ya bani, ule utamu unaokaba koo. Ikaingia sebuleni na milango imefungwa.

Na boksi likaanza kuvuma.

"Mmm... mmm... mmm-mmm..."

Ulikuwa mvumo wa mtu anayefanya kazi, anayeinama na kuinuka. Nikaujua wimbo. Nilikuwa nikimbembelezea Eustadia mgongoni, kwa Kinyamwezi, una maneno mengi matamu. Lakini maneno hayakuwepo. Pale penye neno palikuwa na kitu kinajaribu... kinagonga, kinashindwa, kinarudi kwenye mmm. Mama yangu Minza alituambia tukiwa wadogo habari za watu wanaochukuliwa. Akasema hawafi. Wanawekwa mahali, wanalimishwa, wanalishwa pumba. Na wasije wakataja aliyewachukua, wanakatwa...

Mnajua wanachokatwa.

"Zima," nikasema. "Ambrosi, zima!"

Akazima simu. Kioo kikawa cheusi kabisa.

"Mmm... mmm-mmm..."

Akang'oa waya wa ruta. Taa zake zikafa.

"Mmm..."

Akachomoa ekstensheni ukutani. Boksi likabaki halina umeme, halina simu, halina kitu. Hewa tu. Na sauti ikapanda! Ikawa inalia sasa, inagonga lile neno la kwanza la wimbo, neno linaloanza na mama.

Ambrosi akasimama. Akafuta machozi kwa kiganja. Na hakusema kama kaka, wala kama mtu aliyeshikwa na hofu. Alisema kama mwenye ng'ombe anavyomsemesha ng'ombe wake kwenye plau.

"Eustadia. Inatosha."

Ikanyamaza.

Ikamtii.

Hakunitazama tena. Akachukua koti lake. Mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usingejua, tungeishi vizuri." Nikasikia pikipiki yake ikiishia upande wa magharibi, mbwa wanambwekea mtaa hadi mtaa. Najiat akapaza sauti kutoka dukani, "Bibi, mbona kwaya imekatika?"

Nilimtuma Advera, binti wa dada yangu, hadi Mpanda. Alizunguka kwa mama lishe wote. Hakuna aliyewahi kumwona. Akauliza njia nzima kaburi la msichana mgeni. Hakuna aliyelichimba.

Ambrosi sikumwona tena akiwa hai. Walimkuta ndani ya bani msimu wa kukausha, kifudifudi, mlango umefungwa kwa nje. Wanasema ni moshi. Mimi nilikwenda kumzika, nikalia kwa ajili ya mtoto niliyemnyonyesha. Kwa yule mwingine sikujua nilie vipi.

Basi urithi ukagawanywa. Pikipiki aliichukua Advera, anaipakizia mkaa. Boksi hakuna aliyelitaka. Liko darini, ndani ya gunia, na naambiwa panya hawalisogelei. Nguo za Eustadia ziko kwenye sanduku langu. Ndugu wamenisema sana nizigawe, nikawaambia nguo za mtu hugawanywa akishazikwa.

Shamba, na bani, na kufuli jipya la bani, vilimwangukia shemeji yangu Fikiri. Mwaka huu hakuajiri kibarua hata mmoja. Na tumbaku yake imefungwa marobota mapema kuliko ya watu wote.

Juzi nilipanda basi nikamfuata. Alinipokea vizuri, akaniwekea kiti, akanipa maji. Nikanywa. Nikamwambia, "Shemeji, naomba ufunguo wa bani."

Fikiri akaangalia viatu vyake.

"Humo hamna mtu, shemeji," akasema.

Mimi nilikuwa nimeomba ufunguo. Habari ya mtu sikuitaja.